Mama Sponji na Filta Iliyokuwa Ikikohoa

Saa tatu asubuhi, jua limeshapanda zamani, lakini sebule hii ina baridi yake peke yake. Mama Sponji amepiga magoti mbele ya tangi la samaki, sikio limegandana na kioo, macho kayafumba. Hata kupumua anapumua kwa kuiba.

Ungeingia muda huo ungedhani kuna mtu upande wa pili anamnong'oneza.

Tangi lina urefu wa benchi la watu wawili, na maji yake ni maangavu kupita kiasi, maangavu mpaka hayaonekani. Ndani yuko samaki mmoja tu, wa dhahabu, mpana kama kiganja cha mwanaume. Na kwa kuwa maji hayaonekani, samaki anaonekana kaning'inia hewani bila uzi. Hatikisi mkia. Kaelekeza uso kwenye kiti kimoja kilichowekwa kona ile, anakitazama.

Kwenye kiti hakuna mtu. Kuna nguo nyeupe tu, zimepigwa pasi na kukunjwa vizuri.

"Hizi za mteja, mama?" anauliza Mama Sponji akifumbua macho.

"Hapana, mwanangu. Hizo zangu," anajibu mwenye nyumba, bibi mwembamba ambaye kwa maisha yake yote amekuwa dobi. "Za kuzikiwa. Huyo samaki akifa najua zamu inayofuata ni ya nani, sasa sitaki watu waje kuhangaika kutafuta pasi."

Mlangoni kasimama shemeji yake, mdogo wa marehemu mume wake, mguu mmoja ndani, mwingine nje.

"Shemeji, usimtishe fundi wa watu. Hata chai hajanywa."

"Kama wewe hutishiki, ingia ukae. Kiti hicho hapo."

Shemeji anakitazama kiti. Anakohoa kidogo, anajishtukia, anafunga mdomo. Haingii.

Mama Sponji si mganga, ingawa wengi wakimwona anavyofanya kazi hudhani hivyo. Ni fundi wa matangi ya samaki ya majumbani. Anachagua filta, anaifunga, anaitunza. Filta, kwa asiyejua, ndiyo mashine inayovuta maji ya tangi, ikayapitisha kwenye sponji, ikayarudisha yakiwa yanafaa kuishi. Bila hiyo samaki anaogelea kwenye mkojo wake mwenyewe, na mkojo wa samaki ni sumu.

Mafundi wengine hupima tangi, wakahesabu samaki, wakauza. Yeye hukaa kwanza. Husikiliza.

"Mteja mmoja aliniona nimenyamaza muda mrefu, akaninong'oneza, 'Umeona nini?' Nikamwambia nimeona soksi yako nyuma ya tangi," anasema na kucheka peke yake.

Kazi hii aliianzia kwenye ufagio. Alikuwa mfanya usafi kwenye kliniki ya meno, na kwenye chumba cha kusubiria paliwekwa tangi ili kuwatuliza wagonjwa. Siku moja akaambiwa, safisha na hilo. Hakuna aliyemwonyesha namna. Akavuta ndoo, akaigeuza, akaikalia, akalitazama.

"Nikagundua kitu. Wagonjwa hawatazami samaki. Wamefumba macho, wanasikiliza maji. Filta ikitoa mlio mbaya, mtu anasimama anaondoka na jino lake bovu. Daktari analalamika wateja wamepungua, kumbe tatizo ni mpira umejikunja!"

Kliniki ilipohamia mbali akabaki na ndoo na ujuzi wake. Sasa anazunguka mitaani na kimkokoteni. Wiki nzuri anaingia nyumba nane au tisa. Wiki mbaya anaingia moja, "na hiyo moja ni ya dada yangu, halipi."

Jina la Mama Sponji alipewa kwa sababu ya pipa lililoko uani kwake. Ndani ya pipa analea sponji, yaani anaziacha kwenye maji ya samaki mpaka zinageuka kahawia na kuteleza. Ule utelezi ni vijidudu vinavyokula sumu ya samaki. Filta mpya bila utelezi ule ni ganda tupu. Ndiyo maana kila anapofunga mpya huchomeka na sponji kuukuu kutoka pipani.

"Binti yangu ananitania kila siku. Anasema, mama, wenzako wanauza sabuni, wewe unauza uchafu."

Kumbe sifa za uchafu huo ndizo zilizomfikisha kwa dobi.

Mume wa dobi alikuwa mkata mawe. Kila jioni alirudi mweupe, vumbi mpaka kwenye kope, na mke akaziloweka nguo zake. "Nyumba hii ilikuwa na weupe wa aina mbili," anasema dobi. "Wake na wangu. Mimi nautoa, yeye anauleta."

Vumbi halikuishia kwenye nguo. Lilimwingia kifuani, likakaa. Miaka yake ya mwisho hakuweza kufanya chochote ila kukaa kwenye kile kiti na kuwatazama samaki wake sita. Akawa anawalisha kwa mkono. Alipozikwa, samaki wakaanza kufuata.

Walikwenda mmojammoja. Kila aliyekufa alikutwa asubuhi, akielea upande wa kiti, uso kwenye kioo.

Dobi hakukaa bure. Aliita fundi, fundi akasema filta ni ndogo, akafunga kubwa. Akafa mwingine. Akaita wa pili, huyo akafunga kubwa zaidi, maji yakang'aa mpaka jirani akauliza kama tangi ni tupu. Wakafa wengine.

"Wa kwanza kufa nilisema bahati mbaya," anasema. "Waliposalia wawili nikasema anawachukua. Ni wake, ana haki nao. Lakini akishawamaliza, mwanangu, kitu chake kilichobaki humu ndani ni mimi."

"Mama, nini kinakufanya useme ni yeye?" anauliza Mama Sponji.

Dobi anaonyesha kwa kidevu chini ya tangi. Pale pameketi filta ya mkebe, nyeusi, mviringo kama ndoo yenye mfuniko, mipira miwili imepanda mpaka majini.

"Anakohoa mle."

"Shemeji!" anapaza sauti yule wa mlangoni. "Kaka yangu tumemzika. Koleo nilishika mimi mwenyewe. Maiti hakohoi!"

"Basi njoo umwambie yeye."

Wanasubiri. Nje kuna mtu anaburuta ndoo, kisha kimya. Samaki bado kaning'inia pale pale. Dobi kashika kitambaa cha mezani, anakikunja, anakikunjua.

Halafu filta inakohoa. Mara mbili kwa ufupi, kavu. Inatulia kidogo. Kisha mara moja kwa kuvuta, kikohozi kirefu kinachotoka chini kabisa ya kifua, na baada yake sauti ya maji yakimezwa. Gulu, gulu, gulu.

"Hapo ndipo alipokuwa anaomba maji," anasema dobi taratibu. "Nikimpa, anakunywa hivyo hivyo."

Mama Sponji anageuka kumtazama shemeji. Mlangoni imebaki ndara moja.

"Sitadanganya, nywele zilinisimama," anasimulia. "Hewa ikipenya kwenye mkebe, filta hukohoa, hilo nalijua kama jina langu. Lakini hukohoa hovyo. Ile ilikuwa na mpangilio. Ilikuwa na adabu, kama mtu anayejizuia asikuamshe."

Hata hivyo kazi ni kazi. Akauliza swali ambalo wale waliomtangulia hawakuuliza.

"Mama, ikianza hivyo usiku, unafanyaje?"

"Naichomoa, ningefanyaje? Nitalalaje? Kukicha naichomeka tena. Naona haya hata kusema, maana ni kama namziba mtu mdomo."

"Kila usiku?"

"Kila usiku."

Mama Sponji akafumba macho tena, safari hii si kwa kusikiliza. Akachomoa waya. Akaufungua mfuniko wa ule mkebe.

Harufu iliyotoka pale iliwasukuma wote wawili hadi dirishani. Mbele yake, yai viza ni manukato.

Ndani kulikuwa na jibu lote. Vile vijidudu vya kwenye sponji huishi kwa maji yanayotembea, ndiyo pumzi yao. Ukizima filta usiku kucha vinakosa hewa, vinakufa, vinaoza mlemle ndani ya mkebe uliofungwa. Asubuhi ukiwasha, ule uozo wote unasukumwa kwenye tangi kwa mkupuo. Na kadiri filta inavyokuwa kubwa, ndivyo inavyobeba vingi zaidi vya kuoza. Maji yanabaki yanameta, lakini sumu haina rangi.

Akachota maji kidogo kwenye kichupa, akadondoshea dawa ya kupimia. Yakageuka kijani kibichi. Ingekuwa salama, yangebaki manjano.

Dobi akakaa chini sakafuni.

"Kwa hiyo si yeye anayewachukua."

"Si yeye."

"Ni mkono wangu huu."

Mama Sponji alichutama karibu yake. "Mama, mkono huo ulikuwa unatafuta usingizi. Hakuna mtu anayeweza kulala na kikohozi cha marehemu masikioni. Hebu inuka kwanza, tuna mgonjwa hapa."

Mgonjwa mwenyewe alikuwa amepanda juu, anameza hewa, mapezi yameingia michirizi ya damu. Wakahamisha maji. Bahati ikawa upande wao, kwani dobi hakosi mapipa ya maji, na moja lilikuwa limelala tangu juzi halijaguswa na sabuni. Maji yaliyolala hivyo hupungukiwa na ile dawa ya bomba inayoua vijidudu. Wakatoa nusu, wakarudisha nusu, polepole kama wanaomnywesha mtoto uji.

Kitu kimoja tu Mama Sponji hakukipatia maelezo. Alidhani samaki hutazama kiti kwa sababu maji ya filta humwagikia kona ile, na samaki hupenda mkondo. Sasa filta ilikuwa imezimwa, maji yametulia tuli. Samaki akashuka kutoka juu, akageuka, akakitazama kiti.

"Nikasema haya, hayo nayaacha," anasema. "Sikuitwa kwa ajili ya kiti."

Ikabaki kuchagua filta. Hapa ndipo utaratibu wa Mama Sponji unapowachekesha mafundi wenzake. Wao hufungua katalogi. Yeye aliteremsha ndoo nne kutoka kwenye kimkokoteni, akazijaza maji, akazipanga sakafuni, kila ndoo na filta ya aina yake. Akamketisha dobi, mgongo kuelekea kwenye ndoo.

"Fumba macho. Nitawasha moja moja. Usiniambie ipi ni nzuri. Niambie ipi utaweza kulala nayo."

Ya kwanza ilikuwa filta ya kuzamishwa ndani ya tangi. Ikanguruma kwa sauti nyembamba.

"Nzi kwenye chupa," alisema dobi. "Toa."

Ya pili ilikuwa ya kuning'inizwa ukingoni, ile inayorudisha maji kama kijito.

"Hiyo ni bomba limeachwa wazi! Nitaamka kulifunga mpaka alfajiri. Maji yangu ya kazi hayo."

Ya tatu ilikuwa mkebe mpya kabisa, wa bei. Aliuwasha, na sebule ikawa kama hamna kilichowashwa. Kimya. Dobi alikaa, akasubiri, mabega yakaanza kumpanda.

"Umewasha?"

"Nimewasha."

"Zima, mwanangu. Zima. Hiyo ndiyo naiogopa kuliko zote. Nitakesha naisubiri ianze."

Ya nne ilikuwa ya bei ndogo kupita zote: sponji nene juu ya bomba, na pampu ndogo ya hewa inayosukuma mapovu. Mapovu yakipanda huvuta maji kupitia kwenye sponji, basi. Ikaanza. Bulubulu, bulubulu, laini, haina mwisho.

Mikono ya dobi ilijilaza mapajani.

"Hiyo naijua," alisema baadaye. "Hilo ni sufuria la mashuka jikoni. Mama yangu alikuwa anachemsha mashuka ya watu mpaka usiku, mimi nalala chini ya meza. Hiyo... hiyo niachie."

Kwa samaki mchafuzi kama wa dhahabu, sponji moja ni mzaha. Mama Sponji akafunga mbili nene, moja kila upande, na kila moja akaifunga pamoja na kipande cha kahawia kutoka pipani kwake. Akamkumbusha kwamba chakula kiwe kidogo na maji yabadilishwe kila siku chache mpaka vijidudu vishike. Kisha likaja jambo gumu kuliko yote.

"Mama, hizi sponji usizifue."

"Nisizi...?"

"Usizifue. Nitakuja mimi. Nitaikamua moja kwenye maji ya tangi lenyewe, nyingine naiacha, zamu kwa zamu."

Dobi aliitazama ile sponji ya kahawia jinsi mpishi anavyomtazama panya. "Hata kuisuuza kidogo?"

"Hata kwa macho."

"Miaka yote hii, ndani ya nyumba yangu, kitu kichafu, nami nakitazama?"

"Ndicho kinachomlea huyo, mama. Marehemu alikuwa anaziosha?"

Dobi alifikiri. "Alikuwa anakataa nisiziguse. Tulikuwa tunagombana. Nilidhani ni uvivu wake. Alipozikwa tu, nikazifua."

Asubuhi iliyofuata Mama Sponji aliwahi. Hakuwa na kawaida ya kurudi mapema hivyo, lakini anasema usiku kucha aliona zile nguo nyeupe. Alibisha hodi. Akabisha tena. Shemeji alikuwa nje, kavaa ndara moja na kiatu kimoja.

"Sijamwona tangu jana," alisema. "Saa hizi kwa kawaida ameshaanika kamba mbili. Mimi siingii, mama. Wewe ndiye fundi."

Kamba za uani zilikuwa tupu. Mama Sponji alisukuma mlango.

Dobi alikuwa kwenye kile kiti. Kichwa kimelala upande, mdomo wazi, mikono imepoa juu ya zile nguo nyeupe mapajani. Ndani ya tangi, samaki alikuwa chini kabisa kwenye changarawe, hatikisiki, uso kwenye kioo, karibu kabisa na goti lake. Mapovu tu ndiyo yaliyokuwa yanatembea.

"Nilisimama pale nikajiambia, nimechelewa kwa wote wawili."

Kisha pezi moja likapepea. Na dobi akakoroma, mkoromo mkubwa usio na haya hata kidogo.

Alipoamshwa alikasirika. "Jua limefika wapi? Mashuka ya watu! Kwa nini hamkuniamsha?" Alizitazama zile nguo mapajani, akazikunja, akaenda kuzitia chini kabisa ya sanduku, kwa sababu kiti, alisema, alikuwa anakihitaji. Kichupa cha kupimia siku hiyo kilitoa kijani hafifu, na kwa siku zilizofuata rangi ikaendelea kushuka, mpaka ikawa manjano.

Aliyefurahi kupita wote ni shemeji. Sasa huingia mpaka sebuleni, hukaa, na kumwambia kila mpita njia, "Si nilisema ni mashine? Wanawake mnapenda kutishana!" Dobi humwachia aseme. Ule mkebe mweusi Mama Sponji aliubeba akaenda nao. Mpira wa kuziba mfuniko ulikuwa na ufa mwembamba kama unywele, hewa ilikuwa inapita hapo.

Leo samaki yule ana mwenzake, mdogo mweusi, na Mama Sponji ana mpango. Anataka chumba. Si duka la kupanga mikebe kwenye rafu, bali chumba cha kusikiliza: viti viwili, ndoo zimejaa maji, filta zinawaka, mteja anakaa na kufumba macho kabla ya kununua.

"Watu wananunua filta kwa macho," anasema. "Halafu wanakwenda kuishi nayo kwa masikio."

Chumba amekipata, ubavuni mwa kinyozi. Mwenye nyumba hiyo, mzee mmoja, alisita, akihofia kelele za pampu zitawaudhi wapangaji wake. Basi wiki iliyopita Mama Sponji akampeleka kwa dobi, asikie mwenyewe.

Mzee yule alikaa sebuleni mchana kweupe. Alisikiliza mapovu, akawatazama samaki, akakiri kwamba sauti ile ingemlaza hata mpangaji wake mkorofi kuliko wote. Wakashikana mikono. Chumba ni cha Mama Sponji kuanzia mwezi ujao.

Akiwa anavaa viatu mlangoni, mzee yule aliinama, akashusha sauti kama inavyompasa mgeni mwenye adabu.

"Na mgonjwa wenu anaendeleaje?"

"Mgonjwa gani, mzee?" aliuliza Mama Sponji.

"Huyo anayekohoa humo ndani."

Mama Sponji aligeuka kulitazama tangi. Shemeji, aliyekuwa kaketi sebuleni, alikuwa ameshasimama. Dobi tu ndiye ambaye hakuacha kukunja shuka lake, pembe kwa pembe.

"Hajambo kabisa, baba, asante kwa kuuliza," alisema. "Siku hizi haniamshi."